Mti si pampu

Mwaka 2024 jarida la Science lilichapisha kazi ya watafiti wa Hong Kong kuhusu mmea mdogo wa nchi kame uitwao Crassula muscosa, ambao asili yake ni Namibia na Afrika Kusini. Vijani vyake vimepangana juu ya kikonyo mithili ya mapezi ya papa. Ukidondosha maji hapo hayasambai ovyo, yanatambaa kuelekea upande mmoja, na kwenye kikonyo kingine yanaweza kutambaa upande wa pili, kutegemea vijani hivyo vimeinama vipi. Watafiti wakachapa vipande vya kuiga umbo hilo, wakabadilisha nafasi na mwinamo wa mapezi, na mwelekeo wa maji ukawa wa kuchagua. Ni kazi safi sana. Tatizo limeanza baada ya hapo, pale video za maji yanayotembea yenyewe zilipoingia kwenye makundi ya simu zikiwa na vichwa vya habari vya kutangaza mwisho wa pampu. Rafiki yangu aliye kwenye kamati ya maji ya kijiji chao alinitumia mojawapo na swali moja tu: "Kaka, sasa sisi dizeli tunanunua ya nini?"

Jibu langu kwake lilikuwa fupi, na hapa nalirefusha. Vijifereji vinavyoiga mimea, vile vyembamba kuliko unywele vinavyopitisha maji bila mota wala umeme, havitajaza tangi la kijiji chake. Tungekuwa tunasubiri teknolojia ikomae, ningesema tuvute subira. Lakini kinachozuia hapa ni hesabu ya nishati, na hesabu hiyo haikomai. Manufaa ya vijifereji hivi yako mahali pengine kabisa, kwenye kazi ambazo lita hazihitajiki, kama kupima, kuchuja kidogo na kupoza. Nyingine tayari tunazifanya kila siku bila kuzipa jina. Anayekodoa macho akitafuta pampu ndani ya mmea atapitwa na hayo yote.

Tuanze na kitu ambacho wengi wetu tuliokulia bila umeme tunakijua, koroboi. Mafuta yapo chini kwenye kopo, utambi umepita katikati ya kifuniko, na mafuta yanapanda yenyewe hadi juu. Hakuna anayeyasukuma. Nyuzi za utambi ziko karibu karibu kiasi kwamba mafuta yanazing'ang'ania na kuvutana yenyewe kwa yenyewe, yakapanda. Sasa jiulize jambo ambalo sisi tuliosomea kwenye koroboi hatukujiuliza: mbona mafuta hayo hayamwagiki yakifika juu? Utambi ukiwa haujawashwa, mafuta yanafika kwenye ncha na kusimama hapo mwaka mzima. Nguvu ileile iliyoyapandisha ndiyo inayoyashikilia yasidondoke. Yanaendelea kupanda tu pale moto unapoyala. Moto ndio unaolipia safari.

Mti ni koroboi ndefu, na moto wake ni jua. Maji yanafika kwenye jani, yanageuka mvuke na kuondoka, na nafasi iliyoachwa inavuta maji mengine kutoka chini. Wanasayansi walichukua muda mrefu kulielewa hili. Mwingereza Stephen Hales alipima maji yanayopotea kwenye majani na kuchapisha vipimo vyake mwaka 1727. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Mjerumani Eduard Strasburger alikata miti akaichomeka kwenye sumu, na sumu hiyo ikapanda hadi majani ikiua kila chembe hai njiani, jambo lililoonyesha kwamba shina halihitaji uhai ili kupandisha maji. Mwaka 1894 Henry Dixon na John Joly wa Dublin walileta maelezo tunayoyategemea hadi leo: ndani ya mirija ya zailemu, yaani njia za maji ndani ya shina, maji yanavutwa kama kamba, yakiwa yameshikana yenyewe kwa yenyewe kutoka mzizini hadi jani la mwisho. Wengi walikataa. Fundi yeyote wa visima anajua kwamba pampu ya kufyonza haivuti maji zaidi ya mita kumi kwenda juu, kwa sababu kinachoyasukuma ni uzito wa hewa tu. Mti unaipita mipaka hiyo kwa sababu haufyonzi hewa. Unayavuta maji yenyewe, hadi presha yake inashuka chini ya sifuri.

Mwaka 1965 Per Scholander na wenzake waliipima presha hiyo hasi kwa chombo rahisi cha kukandamiza tawi lililokatwa mpaka maji yachungulie kwenye kidonda. Kwenye miti mirefu ya magharibi mwa Marekani ilibidi matawi yaangushwe kwa risasi za bunduki. Kwenye mikoko walikuta mvuto wa zaidi ya mara 30 ya presha ya hewa, ambao ndio unaowezesha mizizi yake kunyonya maji ya bahari na kuiacha chumvi nje. Kisha mwaka 2008 Tobias Wheeler na Abraham Stroock wa Chuo Kikuu cha Cornell wakatengeneza mti wa bandia. Walichukua kipande cha haidrojeli, kitu laini kama lenzi ya macho, wakachonga ndani yake vijifereji vya "mizizi" na "jani", wakaviunganisha, wakaacha jani likaushwe na hewa. Maji yalitembea kutoka mzizi hadi jani yakiwa chini ya presha hasi ya zaidi ya mara kumi ya presha ya hewa. Nadharia ya Dublin ilipata ushahidi wa kushikika mkononi.

Historia hii ndiyo inayowapa nguvu wanaoamini pampu ya mmea. Wanasema mti unaweza na maabara imeweza, kilichobaki ni kukuza kipimo. Na hoja yao ina mguu mwingine ulio imara zaidi, ambao sipendi kuupuuza. Pampu zetu zinakufa. Mtandao wa kimataifa wa maji vijijini ulikadiria mwaka 2009 kwamba takriban theluthi moja ya pampu za mkono kusini mwa Sahara hazifanyi kazi, na aliyepita vijijini hahitaji kuambiwa, kwani ameona mpini uliofungwa kamba, watoto wakirudi mtoni. Vifaa vinaharibika, vipuri viko mbali, fundi hajalipwa. Kifaa kisicho na valvu, mota wala mpira wa kuchakaa kingekuwa ukombozi. Nikisikia hoja hii nanyamaza kwanza, kwa sababu tatizo linalosemwa ni la kweli kabisa.

Lakini tatizo kuwa la kweli hakufanyi dawa iwe ya kweli. Chukua mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika, ule wa jamii ya mahogani ulioko kwenye bonde moja la Kilimanjaro, ambao Andreas Hemp na wenzake waliutangaza mwaka 2016 kuwa na mita 81.5. Kupandisha lita moja ya maji hadi kileleni pake kunahitaji takriban jouli 800 (jouli ni kipimo cha nishati). Kuigeuza lita hiyohiyo kuwa mvuke kunahitaji takriban jouli milioni 2.4. Yaani jua linalipa karibu mara elfu tatu ya gharama ya kupandisha, kisha maji yenyewe yanapotelea angani. Tafsiri kwa lugha ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla: kuvukiza lita moja kunakula karibu theluthi mbili ya uniti, ilhali uniti moja nzima, kwenye pampu inayopoteza nusu ya nguvu yake, ingefikisha zaidi ya lita 2,000 kwenye kimo hicho cha mti. Mti haujali, kwa sababu haulipi bili na haukusudii kumpa mtu maji. Zaidi ya asilimia 95 ya maji yanayoingia mizizini yanatoka majanini. Kwa anayetaka kunywa, hiyo ni hasara tupu.

Hapo ndipo hoja iliyo dhaifu kuliko zote inapojitokeza, na kwa bahati mbaya ndiyo inayopigiwa debe zaidi: kwamba jua ni bure, basi hasara hiyo si kitu. Jua ni bure, lakini eneo la kulipokea si bure, na mvuke si maji ya ndoo. Ili uyapate maji hayo juu ya mnara wa tangi lazima uudake mvuke na kuupoza mpaka urudi kuwa matone. Ukishafika hapo huhitaji mti wa bandia hata kidogo. Sahani nyeusi ya maji na kioo kilichoinama juu yake vinatosha. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, akiwemo Menachem Elimelech, walionyesha "mkoko wa bandia" unaovuta maji ya chumvi kupitia utando na kuiacha chumvi nyuma kwa nguvu ya jani linalovukiza. Kwa sayansi ya mimea ni onyesho zuri mno. Kwa mkazi wa Delta ya Rufiji anayetaka maji yasiyo na chumvi ni mzunguko, maana kuvukiza peke yake kunaondoa chumvi. Ukishayavukiza, utando ulikuwa wa nini? Weka kando ya sahani hiyo kipande cha sola chenye ukubwa uleule na pampu ndogo, uone nani atajaza ndoo kwanza.

Kuna na jambo la wembamba. Wanaosema "tuvikuze" wanasahau kwamba wembamba ndio uliovipa nguvu. Katika mrija wa upana wa maikromita 100, sawa na unene wa unywele wa kawaida, maji hupanda yenyewe takriban sentimita 30 na kusimama. Ukitaka yapande zaidi, upunguze upana. Ila ukipunguza upana kwa nusu, kiasi kinachopita chini ya msukumo uleule hupungua mara 16. Nilipiga hesabu ya karatasi. Kijifereji cha upana huo, chenye urefu wa sentimita kumi, kilicholazwa chini ili kisipambane hata na mvutano wa dunia, kinapitisha kama mililita sita kwa siku, yaani kijiko cha chai na ziada kidogo. Ndoo ya lita 20 ingechukua karibu miaka tisa. Unaweza kuviweka elfu tatu sambamba, na mti unafanya hivyohivyo, lakini mti una wahudumu. Kiputo cha hewa kikikata kamba ya maji, mrija huo unatengwa na mingine inashika kazi, na mti unaendelea kuota zailemu mpya. Chipu ya plastiki, yaani kipande kidogo chenye vijifereji hivyo, haioti. Kiputo kimoja, tope kidogo, au chumvi inayobaki maji yakishageuka mvuke, vinatosha kuiziba. Aliyewahi kuchemsha maji ya kisima cha Dodoma akaona ukoko mweupe ndani ya birika ajue kwamba ukoko huo huo ungekaa ndani ya matundu ya chipu, ambayo mengine hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni ya mita.

Kwa hiyo mti wa Cornell uliishia wapi? Hili ndilo nalotamani lingesambaa kama zile video. Stroock na wenzake, akiwemo mtaalamu wa matunda Alan Lakso, hawakwenda kutengeneza pampu. Walitengeneza kipimo. Chipu ndogo yenye kitobo cha maji na utando wenye matundu ya nanomita inapachikwa ndani ya shina la mti hai. Mti ukipata kiu, unayavuta maji yaliyomo ndani ya chipu, na kiwango cha kuvuta kinasomwa kwa umeme kidogo. Leo vipimo vya namna hiyo vinauzwa kwa wakulima wa lozi na zabibu wa California, wanaotaka kujua mti wenyewe unasemaje kuhusu kiu yake badala ya kubahatisha kwa kutazama udongo. Ona kilichobadilika: kiasi cha maji kinachohitajika ni chini ya tone. Ule udogo uliokuwa laana kwa pampu umekuwa ndio thamani ya kifaa.

Na kupoza hivyohivyo. Zile jouli milioni 2.4 zinazofanya pampu ya mmea ichekeshe ndizo zinazofanya mtungi wa udongo utoe maji baridi pembeni ya mlango. Maji yanapenya kwenye vinyweleo vya udongo, yanavukia nje, yanaondoka na joto. Ndani ya kompyuta nyingi za mapajani kuna bomba la shaba lililofungwa, lenye utambi wa unga wa shaba kwa ndani: maji yanavukia upande wa moto, yanarudi kuwa matone upande wa baridi, na utambi unayarudisha bila pampu. Hapo hakuna anayelalamika kuhusu gharama ya mvuke, kwani kubeba joto ndiyo kazi yenyewe. Sioni sababu ya wanafunzi wetu wa uhandisi kutumia mradi wa mwaka wa mwisho kuiga mti kwa ajili ya kisima wakati nyanya zinaoza sokoni kwa kukosa ubaridi.

Kuchuja kunahitaji tahadhari zaidi. Mwaka 2014 timu ya Rohit Karnik wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, ilichukua kipande kifupi cha tawi la msindano, ikakipachika kwenye mpira, ikapitisha maji, na zaidi ya asilimia 99 ya bakteria wakanaswa. Mwaka 2021 walirudi na vichujio vilivyotengenezwa vizuri zaidi na kujaribiwa India, vikitoa takriban lita moja kwa saa. Kinachofanya kazi ni tando ndogo zilizopo kati ya seli moja ya zailemu na nyingine, ambazo mti ulizitengeneza kuzuia viputo. Msindano una seli fupi, hivyo maji hulazimika kupita tando nyingi. Mninga na mvule vina mirija mirefu iliyo wazi, wadudu wanapita kama wako barabarani. Sisi tuna misindano tele, na Sao Hill pale Mufindi ni miongoni mwa mashamba makubwa ya miti ya kupandwa Afrika Mashariki. Malighafi ipo, wakati mwingine inachomwa kama taka za mbao. Hata hivyo maji hapo yanasukumwa na uzito wake kutoka chombo cha juu, kwa hiyo bado mtu ameyapandisha. Na kichujio hicho hakigusi madini yaliyoyeyuka. Kumpelekea mama wa Arumeru, ambaye shida yake ni floraidi inayopinda miguu ya watoto, kipande cha msindano ni kumpa dawa ya ugonjwa asioumwa. Kwa hilo, chenga za mifupa iliyochomwa, zilizofanyiwa kazi miaka mingi kule Ngurdoto, ziko karibu na jibu kuliko mti wowote.

Upande wa pili wa mjadala nao una kosa lake. Kuna wanaosikia hesabu kama hizi wakatikisa kichwa na kusema haya ni mambo ya maabara za wenzetu, tuyaache. Hao waende zahanati yoyote. Kipimo cha haraka cha malaria ni kijifereji kinachojiendesha: tone la damu, matone machache ya bafa (kimiminika kinachokuja na kipimo), kisha karatasi yenye vinyweleo inavuta mchanganyiko huo polepole ukipita kwenye mstari mmoja baada ya mwingine. Hakuna betri. Mwendo wa maji ndiyo saa ya kipimo. Ukienda haraka mno kingamwili zilizopakwa kwenye mstari hazipati muda wa kunasa kinachotafutwa, ukichelewa sana nesi na mgonjwa wanachoka. Tangu Shirika la Afya Duniani lilipoelekeza mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya dawa, vipande hivi vimebadilisha kazi ya zahanati zisizo na darubini wala mtaalamu wa maabara. Hakuna teknolojia ya vijifereji iliyowahi kugusa Waafrika wengi namna hiyo, na hakuna aliyeiita mapinduzi ya maji.

Na hapo ndipo mmea wa Namibia unapopata maana yake halisi. Kipimo cha sasa kinafanya maji yaende mbele tu. Uso unaoweza kuyaelekeza, kuyachelewesha, kuyagawanya mara mbili na kuyazuia yasirudi unaruhusu kupima vitu viwili au vitatu kwa tone moja, au kuosha sampuli katikati ya safari bila mkono wa mtaalamu. Fikiria sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Dodoma na Manyara. Vipande vya kupimia sumukuvu vipo, lakini kabla ya kuvitumia unasaga mahindi, unachanganya na kimiminika cha kuitoa sumu, unachuja, unapima kiasi. Hatua hizo ndizo zinazomshinda mwenye ghala kijijini, siyo mistari miwili ya mwisho. Kazi ya kuchuja na kupima kiasi ndani ya kipande chenyewe ni kazi ya vijifereji, na inahitaji mililita moja. Hata hapo kuna shida ambayo hakuna kijifereji kitakachoitatua: sumukuvu hukaa kwa mafungu, gunia moja linaweza kuwa salama na la pembeni kuwa sumu, kwa hiyo nani anachota sampuli na kutoka wapi litabaki swali la watu.

Rafiki yangu wa kamati ya maji nilimshauri wachange wanunue pampu ya sola na waweke akiba ya vipuri, akaniona nimekosa imani. Halafu akaniuliza kama kile kipimo cha kiu ya mti kingefaa kwenye miembe yao, kwa sababu hawajui wanaimwagilia sana au kidogo. Kwa bei ya sasa hakifai, ni cha mashamba ya wenye mitaji. Lakini mtungi usiopakwa rangi, ukafukiwa shingoni kando ya mwembe mchanga na kujazwa maji, unafanya nusu ya kazi hiyo: udongo ukikauka unayavuta maji kupitia vinyweleo vya mtungi, ukilowa unaacha. Wafinyanzi wapo kijiji cha jirani. Alisema ataanza na mitatu.